Reli Isiyofika Zinga

Zinga haina reli. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, lakini Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya pwani yetu ikafifia.

Reli ile ilijengwa kabla magari hayajaenea. Waliokatiza walikuwa waenda kwa miguu. Barabara nyingi za lami zilikuja baadaye, zikapitishwa juu ya reli ile ile, kwa kuwa daraja ni ghali. Novemba 2023, huko Manyoni, basi liligongana na treni ya mizigo na watu 13 wakapoteza maisha. Baada ya misiba ya namna hii tunamlaumu dereva, na mara nyingi lawama ni ya haki: treni haikwepi, wala haisimami ghafla. Hata hivyo, lawama hiyo humsahaulisha aliyechora barabara (naye hafikishwi mahakamani).

Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imejengwa ili barabara zipite juu au chini yake. Kwa hiyo tunajua namna ya kufanya. Mpango wa bandari ya Mbegani, jirani na Zinga, uliotiwa saini mwaka 2013, ulikuja na ahadi ya reli. Reli hiyo ikija, itaikatiza wapi barabara ya Bagamoyo, yenye daladala na bodaboda zake? Wananchi wa Zinga wana haki ya kuiona michoro kabla ya mhandisi kuifunga.