Wastani ni katikati ya nini?

Mwanafunzi wa Panda, mojawapo ya komini za mji wa Likasi, Kongo, hulipata jambo hili kwanza kwa Kifaransa: moyenne. Vitabu vya hesabu vya Tanzania na Kenya huliita wastani. Moja limetoka Kilatini, jingine Kiarabu, lakini yote mawili chimbuko lake ni kati. Taabu iko hapo, maana wastani hutafutwa kwa kujumlisha na kugawa, wala hakuna anayeuliza katikati ni wapi.

Kuna mahali jina hilo linastahili. Chukua 5, 8, 11, 14, 17, namba zinazopanda kwa hatua ya 3. Jumla ni 55. Gawa kwa 5, unapata 11, iliyokaa katikati kabisa. Kilichopungua upande huu kimezidi upande wa pili kwa kiasi kilekile. Ndiyo sababu namba nzima zinazopanda kwa hatua sawa, idadi yake ikiwa witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, jumla yake hugawanyika kwa idadi hiyo bila baki. Idadi ikiwa shufwa, dhamana hiyo hakuna: 47, 48, 49 na 50 zina jumla ya 194, ambayo haigawanyiki kwa 4, na wastani wake ni 48 na nusu, namba isiyomo kwenye orodha. (Witiri ni witiri ileile ya swala, lakini Likasi wengi watakuelewa upesi zaidi ukisema impair.)

Hatua zisipolingana, au vinavyochanganywa visipokuwa na uzito sawa, jina hugeuka mtego, na Panda ni mahali pazuri pa kuuona. Hapa ndipo kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilipokuwa, miaka ya 1920, na kiwanda cha kusaga mawe ya shaba na kutenga yenye madini na yasiyofaa. Kazi ya namna hiyo haiendi bila kujua kila rundo lina asilimia ngapi ya shaba.

Tuseme kuna kilo 300 za mawe ya asilimia 2, na kilo 100 za mawe ya asilimia 10. Yakichanganywa, ni asilimia ngapi? Anayefuata jina atasema 6, kwa kuwa 6 iko katikati ya 2 na 10. Sasa tupime shaba yenyewe: rundo la kwanza lina kilo 6, la pili kilo 10. Jumla kilo 16 katika kilo 400, yaani asilimia 4. Anayelipa kwa hesabu ya 6 amenunua kilo 8 za shaba zisizokuwepo.

Huu mimi ningeuita wastani kwa uzani, ingawa wastani wa kweli ni huohuo siku zote: jumla yote, igawanywe kwa vyote vilivyoijenga. Na mtoto wa shule Kongo anao tayari kwenye biletini yake, yaani ripoti ya matokeo, kwa sababu masomo hayana maksima (alama za juu kabisa) sawa. Akipata 8 juu ya 10 katika somo moja na 20 juu ya 40 katika jingine, atajipigia asilimia 80 na 50, ajihesabie 65. Mwalimu anajumlisha pointi kwanza, 28 juu ya 50, na kuandika 56.