Neno Nguvu na Njia ya Misafara ya Tabora

Leo twaleta somo la historia, lakini tutaingia kwa mlango wa lugha. Shikeni kalamu na daftari. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno hili: NGUVU. Lisomeni pamoja, taratibu: ngu-vu. Ninyi mlio Ziba, wilaya ya Igunga katika mkoa wa Tabora, mmelijua neno hili tangu utotoni, maana nyumbani husemwa nguzu. Ni ndugu wa nguvu ya Kiswahili, baba mmoja na mama mmoja.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu kidogo. Waingereza wana neno strong, nao hulitumia karibu kila mahali. Mtu wa kuinua gunia ni strong. Kamba isiyokatika ni strong. Chai iliyokolea majani ni strong. Upepo wa kung'oa mabati ni strong. Hata hoja isiyojibika ni strong. Sisi hatusemi hivyo. Mtu ana nguvu, kamba ni madhubuti, chai imekolea, upepo ni mkali, na hoja ni nzito. Kila kitu tumekipa neno lake.

Kwa hiyo mtu akituuliza, "Zamani nani alikuwa na nguvu katika nchi hii?" tusijibu upesi. Tumwulize kwanza: nguvu za namna gani? Leo tutalipima neno hili katika njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hata Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka Tabora njia nyingine zilikwenda kaskazini, mpaka Karagwe na Buganda.

Kwanza ni nguvu za mwili. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni mwendo wa kilomita 800 hivi. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke walisafiri siku 134 kutoka pwani, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba. Wao hawakubeba mizigo. Mizigo ilibebwa na wapagazi. Mpagazi mmoja alichukua begani kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, za nguo za merikani, ushanga, waya wa shaba au baruti. Wakati wa kurudi pwani alichukua pembe za ndovu. Juu ya mzigo huo aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, posho, na mara nyingi silaha. Wanawake nao walisafiri katika misafara, wakichukua vyombo na chakula, wakipika kambini.

Je, wapagazi hawa walikuwa watumwa? Watu wengi hudhani hivyo. Ni kweli kwamba biashara ya watumwa ilipita katika njia ile ile, na watumwa wengi walibebeshwa mizigo. Hilo hatulifichi. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu huru waliopatana mshahara, nao walilipwa kwa nguo. Wanyamwezi walikwisha kufika pwani kwa miguu yao wenyewe mnamo mwaka 1800, kabla wafanya biashara wa pwani hawajajenga Tabora. Watoto walijifunza kazi kwa kubeba pembe ndogo, na kijana aliyefika pwani akarudi salama alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Mvua zilipokaribia, wengi walirudi nyumbani kulima, na mwenye mali alitafuta wapagazi asiwapate. Basi zile nguvu zilikuwa mali yao. Waliziuza walipotaka, na walipotaka kuzitumia kwa jembe, walizitumia kwa jembe.

Pili ni nguvu ya umoja. Mpagazi mmoja hana sauti mbele ya tajiri mwenye bunduki. Lakini wapagazi mia wakitua mizigo chini kwa pamoja, msafara umekwama. Jambo hilo lilitokea mara nyingi. Posho ikipunguzwa, au mwendo ukizidishwa mno, walikaa kitako wakakataa kuondoka, ama walitoroka usiku. Wasafiri wa Ulaya waliandika kwa hasira kwamba watu hawa ni wavivu na wakaidi. Sisi tukisoma leo twaona vingine: watu waliojua bei ya kazi yao. Wahenga walisema, umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Tatu ni nguvu za silaha. Hapa hapana budi tumtaje Mtemi Mirambo wa Urambo, magharibi ya Tabora. Aliunganisha nchi ndogo ndogo za utemi kwa vita, akiwa na askari vijana walioitwa rugaruga. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, na Stanley, yule mwandishi wa magazeti aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwenda pamoja nao. Walishindwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora yenyewe akachoma sehemu ya mji. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alichanjiana damu na Mirambo wakawa ndugu. Methali husema, mwenye nguvu mpishe.

Lakini tazameni mwisho wake. Mirambo alikufa mwezi wa Desemba 1884, na baada yake dola yake ilianza kulegea. Alikuwa na nguvu, hakuna ashakaye. Lakini dola yake haikuwa imara, kwa sababu nguzo yake ilikuwa mtu mmoja tu. Nguvu na uimara, basi, ni vitu viwili.

Nne ni neno madhubuti. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na boma madhubuti karibu na Tabora. Wadachi walilishambulia mwaka 1892 wasiliweze. Mwezi wa Januari 1893 walirudi wakiongozwa na Tom von Prince, wakalivunja wakaingia. Isike hakukubali kushikwa. Aliiwasha ghala yake ya baruti, akajilipua ndani yake. Ukuta ulishindwa, lakini moyo wa mtu haukushindwa. Moyo wa namna hiyo Kiswahili huuita shupavu.

Tano ni neno thabiti. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliikausha maiti wakaanza kuichukua kwenda pwani. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, walimkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Walipoona kwamba watu wa njiani hawataki maiti ipite katika nchi yao, waliifunga upya ionekane kama mtumba wa nguo, wakaendelea na safari. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Hakuna aliyewalazimisha, wala aliyewaahidi malipo. Wangaliweza kuuacha mzigo ule mahali po pote wasiulizwe. Hawakuuacha. Huo ndio uthabiti: kushika neno hata mwisho wa njia.

Sasa tunafika mahali pazito. Neno nguvu lina uso mwingine. Tukisema mtu ana nguvu, twamsifu. Tukisema amechukuliwa kwa nguvu, twamsikitikia. Neno ni lile lile, lakini kiungo kidogo, kwa, kimegeuza mambo yote.

Historia nayo iligeuka hivyo hivyo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi wa njia ile ingekwisha kwa amani, lakini vita vikuu vya kwanza vikaja. Wadachi, Waingereza na Wabelgiji wote walihitaji watu wa kubeba chakula na risasi mahali pasipo reli. Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Katika vita hivyo mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo, na wengi wao hawakupatana mshahara kama baba zao. Walikamatwa tu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambacho watu walikiita Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu hununua na kuuza pale, na wachache hukumbuka kwamba jina hilo ni kama jiwe la kaburi.

Mabega yalikuwa yale yale, na mzigo ulikuwa karibu uzito ule ule. Tofauti ni hii: baba aliziuza nguvu zake, mtoto alinyang'anywa. Kwa hiyo msomapo katika kitabu kwamba watu wa Unyamwezi walikuwa "wenye nguvu", msifurahi tu kusifiwa. Ulizeni: nguvu hizo zilikuwa mikononi mwa nani? Mtu anayejua kusoma aweza kuuliza swali hilo, na aweza kulisoma patano la kazi kabla ya kutia kidole gumba chake.

Maswali ya darasa ni haya. Moja: toeni mifano mitatu ya vitu tunavyoviita madhubuti, na mitatu ya vitu tunavyoviita vikali. Mbili: kwa nini twasema dola ya Mirambo ilikuwa na nguvu lakini haikuwa imara? Tatu: andikeni sentensi moja yenye maneno "ana nguvu" na nyingine yenye maneno "kwa nguvu", kisha mweleze tofauti yake. Nne: waulizeni wazee wa kwenu kama babu zao walipata kubeba mizigo ya safari, na kama walilipwa. Yaandikeni majibu yao katika daftari, maana wazee hao wakiondoka, daftari lenu ndilo litakalobaki.