Saratani, Kimya cha Waganga na Wajibu wa Istilahi

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya jina la ugonjwa mmoja, pamoja na historia ya namna waganga walivyolitamka, au walivyokataa kulitamka, mbele ya wagonjwa wao. Ugonjwa huo ni saratani. Huenda msomaji akauliza jambo hilo lawahusu nini watafsiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao kazi yao si kutibu. Jibu letu ni kwamba daktari hutibu kwa dawa, kwa kisu na kwa mionzi, lakini kabla ya hayo yote hutibu kwa maneno. Na maneno hayo, katika nchi zitumiazo Kiswahili, aghalabu hupitia mikononi mwa watu kama sisi. Ndiyo yaliyomo katika fomu za idhini, vijarida vya afya, vitabu vya wauguzi na matangazo ya redio. Neno likipotoka mezani kwetu, litapotoka pia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Asili ya jina

Wayunani wa zama za Hippocrates, yapata karne ya 5 na ya 4 K.K., waliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Warumi walilifasiri jina hilo kwa neno lao cancer, ambalo maana yake ni kaa vilevile. Galen, tabibu wa karne ya 2 B.K., alieleza kwamba mishipa iliyotuna hutapakaa pande zote za uvimbe wa titi mithili ya miguu ya kaa. Waarabu nao walisema saratan, yaani kaa, na Ibn Sina (980–1037), katika kitabu chake cha Qanuni ya tiba, alitaja sababu mbili za jina hilo: ama ugonjwa huking'ang'ania kiungo kama kaa aking'ang'aniavyo mawindo yake, ama umbo lake na mishipa yake hufanana na kaa.

Kiswahili kilipokea saratani kwa njia ya Kiarabu na kansa kwa njia ya Kiingereza. Kwa hiyo basi maneno haya mawili, ambayo mara kwa mara hugombewa na wapenzi wa lugha, kwa asili ni ndugu: ni kaa yule yule aliyefika kwetu kwa njia mbili. Hata hivyo, Mswahili wa kawaida hamwoni kaa katika neno lolote kati ya hayo. Yale maneno ya zamani, kama vile uvimbe na donda ndugu, yalieleza kile kilichoonekana kwa macho, nayo yalifahamika kwa kila mtu. Upungufu wao ni kwamba hayakuweza kutenganisha ugonjwa huu na mengine yafananayo nao. Jina la kigeni lilituletea usahihi, lakini lilikuja likiwa tupu, na utupu huo ukajazwa na hofu. Mpaka leo wako wengi ambao wakisikia "ana kansa" husikia "amekwisha".

Kimya cha waganga

Hofu hiyo haikuwa ya wagonjwa peke yao. Miongoni mwa maandiko yanayonasibishwa na Hippocrates limo shauri la kumtaka mganga amfiche mgonjwa mambo mengi, asimfunulie hali yake ya sasa wala ya baadaye. Mwaka 1847 Chama cha Madaktari cha Marekani, katika kanuni zake za kwanza za maadili, kiliwaonya wanachama wake wajihadhari na utabiri wa kutia huzuni, kwa hoja kwamba maisha ya mgonjwa yaweza kufupishwa kwa maneno ya tabibu na hata kwa mwenendo wake, sawa na kwa matendo yake.

Yafaa tusiwacheke wazee hao. Walijua kwamba neno lina nguvu ya kuponya na ya kuua, na nia yao ilikuwa huruma. Kosa lao ni kudhani kwamba huruma ni kuficha. Mwaka 1961 Donald Oken alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kati ya madaktari wa hospitali moja mjini Chicago: takriban 90 katika kila 100 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Badala yake walisema "uvimbe", "kidonda" au neno jingine la mzunguko. Mgonjwa aliyaona macho ya jamaa zake, akaisikia minong'ono mlangoni, akafahamu. Lakini hakuwa na mtu wa kumwuliza. Wahenga wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapo walioficha walikuwa waganga, na aliyeumbuliwa ni mgonjwa.

Mabadiliko na sababu zake

Uchunguzi wa namna hiyo hiyo, uliochapishwa mwaka 1979 na Dennis Novack na wenzake, ulionyesha kwamba madaktari 97 katika kila 100 sasa walipendelea kumwambia mgonjwa. Katika muda wa miaka 18 tu desturi ya karne nyingi ilikuwa imepinduka. Sababu zake tunaweza kuzitaja tatu.

Kwanza, tiba iliongezeka. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, alieleza saratani ya taya iliyowapata watoto wa Afrika, nayo baadaye ikaonekana kwamba huweza kusalimu amri mbele ya dawa. Kituo cha kutibu saratani kilianzishwa Mulago mwaka 1967. Sasa tiba ya namna hiyo haitolewi mara moja ikaisha. Mama hana budi kumrudisha mtoto tena na tena, hata pale uvimbe unapoonekana umekwisha na safari ni ndefu. Asiyeelezwa sababu hatarudi. Hivyo maelezo yenyewe yakawa sehemu ya dawa.

Pili, sheria ilibadilika. Katika hukumu ya mwaka 1957 huko Kalifornia mahakama ilisema kwamba daktari hupaswa kumweleza mgonjwa yale anayohitaji kuyajua kabla ya kukubali tiba.

Tatu, walitokea watu waliokaa na wagonjwa wakawasikiliza. Elisabeth Kübler-Ross alichapisha mwaka 1969 mafunzo aliyoyapata kwa kuzungumza na watu walio karibu na mauti. Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Fikira hiyo ilifika kwetu: hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na ile ya Uganda ilianzishwa na Anne Merriman mwaka 1993.

Lakini kusema kweli bila huruma ni kosa la pili, nalo lilifuata upesi. Wapo waliotupa jina la ugonjwa kama mtu atupaye jiwe, kisha wakaondoka. Ndiyo maana mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walipanga njia ya hatua sita: kuandaa mahali pa faragha, kumwuliza mgonjwa anafahamu nini, kumwuliza anapenda kujua kiasi gani, kumweleza kwa maneno mepesi, kumpokea katika majonzi yake, na kupanga naye hatua za mbele. Yafaa tuzingatie kwamba maswali yanatangulia habari. Atoaye habari huanza kwa kusikiliza.

Istilahi zetu kando ya kitanda

Hapa ndipo historia hiyo inapotugusa. Mmoja wetu alipata kumsindikiza shangazi yake kwenda kuchukua majibu ya kipimo cha uvimbe. Aliambiwa kwa heshima kwamba majibu ni chanya. Yule mama akamshukuru Mungu, akarudi nyumbani na furaha, na jirani wakaja kumpongeza. Ilipita wiki nzima kabla ya kufahamu kwamba chanya ya maabara ndiyo habari mbaya. Mhudumu hakusema uongo wala hakukosa adabu. Alitumia istilahi tuliyoizoea sisi wenye kamusi, na sisi hatukumtahadharisha.

Mifano mingine haikosi. Tiba ya kemikali ni istilahi sahihi, lakini kwa mkulima kemikali ni ile sumu ya kuulia wadudu. Tiba shufaa ni jina zuri, kwa kuwa shufaa ni maombezi ya kumtetea mwenye shida. Lakini aliyelisikia neno hilo msikitini tu aweza kudhani kwamba amekwisha kukabidhiwa kwa Mungu, hali maana iliyokusudiwa ni kumpunguzia maumivu tangu ugonjwa unapogunduliwa. Kadhalika idhini si sawa na ridhaa: idhini yaweza kupatikana kwa sahihi tu, bali ridhaa ni ya moyo ulioelewa.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina utajiri ambao hatujautumia ipasavyo. Kupona, kupata nafuu na kupata ahueni ni mambo yenye tofauti, na kila mzee azijua tofauti hizo. Daktari asemaye, "Hatutarajii kupona, lakini tunatarajia nafuu, nasi tutakuwa pamoja nawe," amesema kweli yote bila kuvunja moyo, na hakuhitaji neno hata moja jipya.

Hitimisho

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kila istilahi ya afya iambatane na maelezo mafupi yawezayo kusemwa kwa mgonjwa. Istilahi ya maabara itenganishwe na maneno ya kando ya kitanda, na mwalimu wa wauguzi afundishe yote mawili. Tena, kabla ya kupitishwa, istilahi isomwe kwa watu ambao wameugua au wameuguza, na waulizwe wamesikia nini. Wasitoshe wataalamu peke yao.

Waganga wa kale waliogopa neno wakalificha, na wa baadaye wakalisema bila kulifafanua. Mgonjwa wa leo anastahili daktari atakayelisema akiwa ameketi, kwa lugha anayoielewa. Kuketi ni kazi ya daktari. Lugha ya kueleweka ni dhamana yetu.