Ngurumo ya Asubuhi Edmonton: Historia ya Masega ya Gari

Katika mitaa ya Edmonton, kaskazini mwa jiji la London, kuna mlio ambao madereva wengi wamelazimika kuujua tangu mwaka 2019. Gari lililoegeshwa jioni likiwa zima huwashwa asubuhi na kutoa ngurumo nzito, kana kwamba ni trekta limewashwa chini ya madirisha ya majirani. Betri ina nguvu, mafuta yamo, injini inazunguka. Kilichopungua kimo uvunguni.

Fundi mzoefu huanza uchunguzi kwa masikio. Mlio mdogo wa kugonga-gonga, injini ikikataa kuzunguka, humwelekeza kwenye betri iliyochoka au nyaya zilizolegea. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma humwambia kwamba meno ya stata hayaingiani sawasawa na meno ya flaiwili. Kilio chembamba na kikali ni cha mkanda uliolegea. Lakini ngurumo inayopanda kila dereva anapokanyaga mafuta hutoka kwenye bomba la moshi, yaani eksozi. Ikiwa kelele imeanza usiku mmoja tu, bila dalili ya kutu siku za nyuma, fundi huinama chini ya gari, na mara nyingi hukuta ncha mbili za bomba zilizokatwa kwa msumeno, katikati pakiwa patupu.

Hapo ndipo palipokuwa na kifaa ambacho mafundi wengi wa Tanzania hukiita masega, kwa sababu ndani yake mna vijitundu vilivyopangika mithili ya sega la nyuki. Kuta za vijitundu hivyo hupakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo huisaidia gesi ya sumu kutoka kwenye injini kugeuka kuwa gesi zenye madhara madogo zaidi. Gari lililopoteza masega bado hutembea, ila hupiga kelele na kuchafua hewa.

Historia ya kifaa hiki ina kejeli yake. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyebuni stata ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, akawaondolea madereva adha ya hendeli iliyoweza kurudi nyuma ghafla na kuvunja mkono. Maabara aliyoiongoza baadaye katika kampuni ya General Motors ndiyo iliyogundua, mwaka 1921, kwamba risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga. Mtu huyo huyo aliyerahisisha kuwasha gari akashiriki kuieneza sumu ambayo dunia ilihitaji miaka mia moja kuiondoa.

Katika miaka ya 1950, mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, aliyekuwa akiishi Marekani na kutiwa wasiwasi na ukungu wa moshi wa Los Angeles, alibuni kifaa cha kusafisha moshi wa magari. Risasi ndiyo iliyokizuia kufanya kazi, kwani iliufunika utando wa madini na kuuua. Ni baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 ndipo magari yenye masega, pamoja na petroli isiyo na risasi, yalipoanza kuenea kuanzia modeli za mwaka 1975. Nchini Uingereza, magari mapya ya petroli yalilazimika kuwa nayo kuanzia mwaka 1993.

Afrika kusini mwa Sahara iliagana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Kabla ya hapo, masega yaliyofika Mombasa au Dar es Salaam ndani ya magari yaliyotumika kutoka Japani yaliweza kuuawa na mafuta ya huko huko yalikokwenda kutumika.

Madini yenyewe kwa sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini, katika ukanda wa Rustenburg, na si bila gharama ya damu: mwezi Agosti mwaka 2012, wachimbaji 34 waliokuwa kwenye mgomo waliuawa na polisi huko Marikana. Viwango vikali vya hewa vilipoongeza mahitaji, bei zilipaa. Wakia moja ya rodiamu, iliyouzwa chini ya dola 1,000 mwaka 2016, ilikaribia dola 30,000 mwaka 2021. Kipande cha chuma kilichosahaulika chini ya gari kikawa na thamani ya kuvutia wezi.

Wezi wa London waliyalenga zaidi magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, kama vile Toyota Prius, gari linalopendwa na madereva wa teksi. Injini yake hupumzika mara kwa mara, hivyo madini ya masega hayachakai upesi. Kwa dereva wa teksi, hasara haiishii kwenye kifaa kinachoweza kuzidi pauni 1,000, kwani siku za kusubiri kipuri ni siku zisizo na kipato.

Kuna wanaoshawishika kuchomelea bomba tupu. Kelele itapungua, lakini gari litashindwa ukaguzi wa kila mwaka. Edmonton, zaidi ya hayo, imepitiwa na barabara ya North Circular, ambayo tangu Oktoba 2021 ilikuwa mpaka wa eneo la kutoza magari yenye moshi mchafu, hadi eneo hilo lilipopanuliwa kufika London nzima mwezi Agosti mwaka 2023.

Kwa hiyo fundi hufunga masega mapya, hubadilisha kihisio cha oksijeni ikiwa waya wake umekatwa, kisha hukaza bamba la chuma chini yake. Bamba hilo huongeza dakika kadhaa kwenye kazi ya mwizi. Bei ya rodiamu imeshuka sana tangu mwaka 2021, lakini mabamba bado yanafungwa.