Nani Alibadilisha Faili? Historia Fupi ya Kutunza Matoleo

Fungua kompyuta ya ofisi yoyote utakuta faili kama hizi: ripoti.doc, ripoti_mpya.doc, ripoti_mwisho.doc na ripoti_mwisho_kabisa2.doc. Ukiuliza ni ipi bosi aliipitisha, kila mtu anamtazama mwenzake. Sisi tunaoandika programu tulipatwa na ugonjwa huu mapema, na dawa yake ina historia ya zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, alianza kutengeneza SCCS. Wazo lake lilikuwa rahisi: usihifadhi nakala nzima kila mara, hifadhi tofauti tu. Mstari gani umeingia, upi umetoka, nani kafanya, lini, na kwa nini. Toleo lolote la zamani likaweza kurudishwa.

Mwaka 1982 akaja Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue na RCS. Yeye aliona kwamba watu wengi huhitaji faili ya leo, si ya mwaka jana. Kwa hiyo RCS ilihifadhi toleo jipya likiwa zima, kisha ikaweka tofauti za kurudi nyuma. Lakini kama SCCS, ilitumia kufuli: ukitaka kuhariri faili unaifunga, wengine wanasubiri. Ni kama choo cha ofisi chenye ufunguo mmoja. Mwenzako akienda likizo nao mfukoni, mmekwama.

Kufuli hilo lilimsumbua Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam. Kuanzia 1984 alikuwa akiandika kompaila pamoja na wanafunzi wawili. Mmoja alifanya kazi saa za ofisi, wa pili hakuwa na saa maalum, na Grune mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Akaandika skripti juu ya RCS ili kila mtu awe na nakala yake, ahariri apendavyo, kisha mabadiliko yaunganishwe. Mwaka 1986 alizitoa kwa umma kwa jina CVS. Hapo ndipo fikra ilipogeuka: badala ya kuzuia watu wasigongane, wasaidie wapatane baada ya kugongana.

CVS ilikuwa na kasoro yake. Ilihesabu matoleo ya kila faili peke yake, hivyo ukituma faili kumi na mtandao ukakatika katikati, nyingine zingeingia na nyingine zingebaki nje. Subversion, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2004, ikasema: ziingie zote au isiingie hata moja.

Kisha Aprili 2005, watengenezaji wa Linux walinyimwa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu waliyoitegemea tangu 2002. Linus Torvalds akaketi akaandika Git, na katika siku chache tu Git ikawa inatunza maandishi yake yenyewe. Kila mtu akawa na historia yote kwenye mashine yake. Zaidi ya hapo, kila toleo likapewa alama ya herufi na tarakimu 40 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na toleo lililotangulia. Geuza nukta moja ya zamani, na alama zote zinazofuata zinabadilika. Huwezi kuchezea jana bila leo kukusema.

Pengine utasema haya ni mambo ya wataalamu. Basi tukumbuke yaliyotokea hapa Kenya mwaka 2010. Bunge lilipitisha rasimu ya Katiba tarehe 1 Aprili. Mwezi Mei ikagunduliwa kwamba katika nakala zilizochapwa, maneno yenye maana ya "usalama wa taifa" yalikuwa yamepenyezwa kwenye kifungu cha 24, kile kinachoeleza haki za raia zinaweza kuwekewa mipaka gani. Maneno mawili tu ya Kiingereza, lakini yangeipa serikali mlango wa kubana uhuru wa watu. Uchunguzi uliagizwa, na Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti haikuwa nayo.

Git isingeweza kumzuia mtu kwenye mashine ya kuchapa. Lakini ukilinganisha alama ya faili iliyopitishwa na ile inayopelekwa kuchapwa, swali la "je, ni ile ile?" linajibiwa kwa sekunde moja, bila kungoja mwenye macho makali asome ukurasa kwa ukurasa.

Kwa maoni yangu, ofisi haihitaji kuanza na Git. Ianze na alichodai Rochkind: faili ikae mahali pamoja, na kila badiliko liwe na jina la mtu, tarehe na sababu. Diski siku hizi ni rahisi. Kilicho ghali ni kumshawishi mkubwa wa ofisi kwamba jina lake pia liandikwe pale anapogusa faili.