"Weka na ya kutolea": nani hasa analipa?

Leo tuongelee maneno manne ambayo hapa Singida huwezi kumaliza siku sokoni bila kuyasikia: "weka na ya kutolea". Umepatana bei ya vitunguu pale Misuna, unatoa simu ulipe, muuzaji anakukumbusha uongeze hela ya kutolea. Bei mliyopatana imeshabadilika.

Wenzetu wa Ulaya waligombana sana na jambo hili hili, ila kwao lilikuja na kadi. Benki inamkata mwenye duka kila kadi inapopitishwa, naye akawa anamwongezea mteja. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku nyongeza hiyo kwa kadi nyingi za watu binafsi kuanzia Januari 13, 2018. Huku kwetu kadi ya mkopo ni ya wachache, utaikuta zaidi kwenye mahoteli ya watalii. Sisi simu ndiyo kadi yetu, kwa hiyo ugomvi wetu uko kwenye simu.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya 2008, mtu wa Dar akitaka kumtumia mama yake hela Kiomboi alikuwa na njia chache: posta, bahasha kwa kondakta wa basi (na dua juu yake), au kutuma vocha. Ya vocha wengi wameisahau. Unamtumia mtu muda wa maongezi, anauuza kijijini kwa bei pungufu apate keshi. Kile kilichopungua ndicho kilikuwa "ya kutolea" ya zamani, ila haikuwa na jina.

Aprili 2008 Vodacom wakaleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Mpango wake ulikuwa rahisi: kuweka hela bure, kutuma unakatwa, kutoa unakatwa. Hapo kwenye kutoa ndipo neno letu lilipozaliwa. Ukinitumia 50,000, kwenye simu nina 50,000, lakini mkononi siwezi kupata noti za 50,000. Mtumaji muungwana akaanza kuongeza kidogo. Kwa ndugu ilikuwa adabu, ilipofika sokoni ikawa sharti.

Mimi simlaumu muuza vitunguu. Wapakiaji anawalipa noti, magunia ananunua kwa noti, na mkulima wa Ikungi aliyemletea mzigo naye anataka noti. Hela ya simu kwake haijawa hela mpaka imetoka kwa wakala. Sasa akatwe yeye kwa sababu wewe hukutaka kubeba keshi?

Halafu kulikuwa na shida ya mitandao kutoongea. Ukiwa huku na mwenzako yuko kule, hela haikuingia kwenye akaunti yake. Alipata ujumbe wenye namba za siri aende kwa wakala wa mtandao wako. Dawa ya wananchi ikawa laini tatu mfukoni, na simu ya Kichina ya laini mbili ikapata soko kweli kweli! Mwaka 2014 Airtel, Tigo (ambayo sasa ni Yas) na Zantel walikubaliana kuunganisha huduma zao, na Vodacom wakaingia 2016. Laini nyingine zikapumzika.

Ikaja Julai 15, 2021. Serikali ikaweka tozo ya miamala juu ya makato ya kampuni, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, wakati wa kutuma na wakati wa kutoa. Waziri wa Fedha aliyeitetea alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, yaani mtoto wa hapa hapa mkoani. Kelele zilikuwa kubwa nchi nzima, na Rais Samia akaagiza iangaliwe upya ndani ya siku chache. Septemba 2021 ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa tena, kikawa 4,000, na Oktoba mwaka huo miamala kadhaa ikaondolewa kabisa kwenye tozo. Ila katika kipindi kile "ya kutolea" ilinenepa. Muuzaji aliitaja akiwa amejumlisha na ya serikali, na wewe ulikuwa umeshakatwa ya kutuma. Watu walirudi kwenye noti, na bahasha za kondakta nazo nikazisikia tena.

Siku hizi dawa inayotajwa ni lipa namba. Ukilipa kwa namba ya biashara, makato yanaweza kukaa upande wa mfanyabiashara, kama ilivyo kwa kadi. Ndiyo maana wengine wamebandika lipa namba ukutani lakini ukiuliza wanakutajia namba yao binafsi, "na ya kutolea". Ujanja ninaoutumia ni kuuliza kabla: "Bei ni hiyo hiyo nikilipa kwa lipa namba?" Uliza kabla gunia halijafungwa. Likishapakiwa kwenye bajaji huna tena nguvu ya kubishana.