Neno "Nusura" na Jambo Lisilotimia
Asili ya "nusura" ni Kiarabu, katika mzizi uliotupa pia kitenzi "kunusuru". Nao ndio ulioipa Sura ya 110 ya Kurani jina lake, An-Nasr. Maana yake ya kwanza, basi, ni msaada au wokovu. Asemaye, "Nusura jahazi lizame," ataja ajali isiyotimia, na ndani ya neno bado yasikika shukrani ya aliyeokoka. Lakini matumizi yameenea kupita hapo. Twasikia, "Nusura ashinde," na hapo kilichokosekana ni heri, wala hapana aliyenusuriwa! Kuliweka "karibu" mahali pake, kwa maoni yangu, ni kuipunguza maana: aliye karibu kufika aweza kufika bado, wa "nusura afike" hakufika.